Bawa Ambalo Mjukuu Wangu Hakulichora

Mimi shule niliacha darasa la nne, lakini mjukuu wangu anachora mabawa ya ndege. Nilisema hivyo miaka mingi kule Matonge, mtaa wa watu wa kwetu huku kwa Wazungu, kwenye ile galerie, ujia uliojaa saluni, kichwa kikiwa mikononi mwa msusi, na nilisema kwa sauti ili hata wapita njia wasikie. Sioni haya. Nilimlea mwenyewe hapa Evere, mji huo huo, tangu binti yangu, mama yake, alipofariki. Akasoma, akapata ofisi karibu na uwanja wa ndege. Wanachora ukingo wa mbele wa bawa, ile sehemu inayopasua upepo, halafu wengine wanaenda kuunda ndege nzima.

Jumapili moja, ile miaka baada ya elfu mbili na kumi, aliingia kwangu na kitenge kipya. Akakiweka magotini pangu, akapiga magoti. Kwetu Katanga, katika jamaa yetu, anayekwenda kukaa mbali huja hivyo kwa mkubwa wake. Mkubwa anakipokea kitenge, anakunywa maji kidogo, anayapuliza kwenye viganja vya msafiri na kumsemea maneno ya njia. Bila hayo mtu anaweza kupanda ndege, hakuna wa kumkamata, ila atakuwa ameondoka kama mwizi.

"Kambo," akasema, maana bibi tunamwita kambo, "Wachina wananiita Shanghai. Miaka mitatu."

"Kufanya nini? Kuuza sahani?"

"Ndege. Ndege kubwa ya abiria, ya kwao wenyewe. Mpaka leo wananunua kwa Wazungu, sasa wamechoka. Wanatafuta watu wanaojua bawa."

Sasa, bibi na mjukuu kwetu ni watu wa kutaniana. Namwita mke mwenzangu, ananiita kikongwe asiye na meno, hakuna anayekasirika. Lakini mtu akipiga magoti, utani unakaa pembeni. Nilijua hilo. Nikatania hata hivyo.

"Ndege ya Wachina, mke mwenzangu? Mwavuli wao ulinivunjikia kabla mvua haijaanza. Thermos yao iliachia kitako, chai yote ikamwagikia padri. Bon, abiria watafika mbinguni kweli, lakini kurudi, hapana."

Alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akajifuta macho.

"Kambo, leo sikuja kucheka. Wanajifunza. Ile ndege yao ndogo ya kwanza imewatesa miaka, injini ya hii kubwa bado wananunua nje. Lakini wataiweza. Nataka niwepo wakati wanaiweza."

"Donc, basi, wajifunze bila mutoto wangu."

Nikakunja kitenge vizuri, nikakirudisha katika mfuko wake. Ukirudisha kitenge umesema hapana, hata kama meno yako yako nje. Hakubisha. Alikula wali wake, akaosha vyombo, akaenda. Wiki ile ile akawaandikia Wachina kwamba haji.

Wachina hawakunikosea kitu. Nilipomtazama pale chini niliona baridi ya hapa, ngazi za jengo letu, na mimi na televisheni tukitazamana miaka mitatu. Ningesema hivyo, ingekuwa aibu. Mimi mbele za watu ni mwanamke asiyeogopa kitu. Basi nikawasingizia mwavuli na thermos.

Miaka ikapita. Siku moja akaja na simu mkononi, akakaa karibu yangu kwenye kiti kirefu. Mle ndani ile ndege ya Wachina ilikuwa inaruka kwa mara ya kwanza, nyeupe, mkia una kijani na buluu. Chini watu walikuwa wanapiga makofi. Mjukuu wangu hakuwatazama watu. Aliirudisha picha nyuma mara tatu, mahali pale pale, kidole chake juu ya bawa.

"Hapa, Kambo. Ningekuwa hapa."

"Wamefanya vizuri?"

"Safi kabisa."

Alisema kwa furaha ya kweli, kama mtu anayemsifu mtoto wa jirani. Nikashindwa kuvumilia.

"Mutoto wangu, sikuogopa ndege yao. Niliogopa kubaki peke yangu."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumapili ile. Ulikuwa unakunja kitenge, macho yako kwenye kiti changu cha siku zote."

"Na ukanyamaza? Ungebishana na mimi. Ubishi nilikufundisha mwenyewe."

"Mambo ya ndege ningebishana na wewe mpaka asubuhi," akasema. "Hilo lingine ningelibishia namna gani, Kambo?"

Afadhali angenitukana. Nilikuwa nimejipa moyo miaka yote kwamba niliuficha woga wangu, kwamba alibaki kwa kuamini maneno yangu ya kijinga. Kumbe alinihurumia, na huruma ile ndiyo ilimfunga miguu. Nikainuka, nikaenda jikoni, nikawasha moto chini ya sufuria tupu, nikasimama pale mpaka aliponiita kuniaga.