Jina la Aliyeiendesha Skripti

Nakumbuka Jumatano moja kule Doha, mwanangu, nilipokaribia kumfukuzisha kazi mtu asiye na hatia kwa sababu ya mistari arobaini niliyoiandika mwenyewe.

Unaiona nyumba hii ya ghorofa, na ofisi yangu ya kompyuta pale mjini unaijua. Sikurithi hata tofali moja. Nilitoka Bungoma na diploma yangu ndani ya bahasha ya plastiki, tukalala watu sita chumba kimoja katika mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, na baada ya miaka miwili nilikuwa natunza seva za kampuni nzima. Najisifu, ndiyo. Lakini kuna mtu aliyenizuia nisiharibike, na huyo ndiye nataka umjue.

Ni Mzee Ochieng', mtu wa Siaya, mkubwa wetu kazini. Mimi aliniita Diploma, maana kila nilipojitambulisha niliitaja.

Niliandika skripti, yaani programu fupi, ya kufuta mafaili ya zamani kwenye seva: unaielekeza kwenye folda, inafuta vyote vilivyomo. Ili ifanye kazi, kila mmoja wetu aliingia kwa akaunti yake, kisha akaazima mamlaka ya msimamizi mkuu wa mashine kwa dakika moja. Niliiagiza pia iandike nani ameiendesha. Hapo ndipo nilipokosea. Skripti iliuliza anayetumia mashine sasa ni nani, na kwa kuwa mamlaka yalikuwa yameshaazimwa, jibu lilikuwa lile lile siku zote: msimamizi mkuu. Niliona hivyo, nikasema si neno, kwani sisi ni watatu tu.

Jumatano hiyo, folda ya picha za pasipoti za wafanyakazi waliokuwa wakingoja vitambulisho vya ukaazi ilikutwa tupu. Mudiri, yaani meneja wetu, akataka jina. Skripti ilisema msimamizi mkuu, jana, saa nne asubuhi. Saa hiyo zamu ilikuwa ya Nakato, dada wa Uganda aliyekuwa na miezi minne tu kazini. Mudiri akamwambia arudishe kadi yake ya mlango, atakatiwa tiketi ya kwenda kwao. Nami, Mungu anisamehe, nikasema huenda ni yeye, bado anajifunza.

Nakato hakulia. Alinigeukia akasema, "Kaka, wewe ndiye ulinifundisha kuiendesha. Jana sikuigusa."

Mzee Ochieng' akaomba nusu saa. Akaniketisha kando yake, akafungua kumbukumbu za mashine yenyewe, zile zinazoandika jina la mtu pale anapoomba kuazima mamlaka. Akateremka na kidole kwenye skrini hadi saa nne. Jina lilikuwa langu.

Ndipo nikakumbuka. Sikuwa na zamu, nilikuwa nimepita ofisini kumwonyesha mgeni wa tawi letu la Abu Hamour jinsi skripti yangu inavyofanya kazi. Niliielekeza kwenye folda ya kwanza iliyonijia, nikiwa katikati ya kujisifu.

"Diploma," akasema taratibu, "mashine ilikujua. Wewe ndiye hukuiuliza vizuri. Sasa inuka. Mudiri asiyasikie haya kutoka kwangu."

Niliinuka, nikaenda nikamwambia mudiri ni mimi. Nilipewa barua ya onyo, Nakato akarudishiwa kadi, folda tukairejesha kutoka kwenye nakala ya akiba. Ijumaa, ambayo kule ndiyo siku ya mapumziko, baada ya ibada ya kanisa pale Mesaimeer, nilikuwa nimesimama mbali kwa aibu. Nakato akasogeza kiti, akaniambia, "Njoo ukae, msimamizi mkuu." Mpaka leo akinipigia simu huniita hivyo.

Namshukuru yule mzee kila siku. Angeweza kwenda kwa mudiri peke yake na kunimaliza. Aliniachia nafasi ya kujitaja.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiandika skripti, iagize iulize kwanza nani aliyeiita kabla ya kuazima mamlaka, iandike jina hilo, na isipolipata ikatae kufuta chochote. Usiwape watu akaunti moja ya pamoja. Na siku jina likitokea kuwa lako, litamke wewe kabla mwingine hajalipa gharama yake.

Mungu akupe mikono ya kazi na mkubwa kama Ochieng' wa kukaa kando yako. Na jina lako, popote litakapoandikwa, ulisome bila kuinamisha kichwa.