Usiku wa Kwanza wa Mjukuu wa Solange

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Solange Perrachon ni jinsi alivyofunga boti yake. Wengine wakifika kwenye lango la maji ninalolilinda mferejini hukaza kamba kana kwamba watakaa mpaka Krismasi. Yeye aliizungusha kamba kwenye nguzo mara moja tu, akashika ncha yake mkononi, akasimama. Hata alipozungumza nami aliivutavuta, kama mtu aliyeshika hatamu ya farasi.

"Fungua, mwanangu," aliniambia. "Nina safari."

Sikuweza kufungua. Kiangazi hicho mvua ilikuwa imeadimika huku Burgundia, Ufaransa, na maji ya mfereji yalikuwa ya kupimiwa. Kila tunapoteremsha boti, maji ya chumba kizima kilicho kati ya mlango wa juu na wa chini hushuka bondeni yasirudi, kwa hiyo tuliagizwa tupitishe boti mbilimbili. Boti ya Solange, ambayo zamani ilibeba kuni na sasa hubeba watalii, ilikuwa peke yake.

"Inabidi tumngoje mwenzako, mama."

"Na asipokuja?"

"Basi ni kesho."

Kesho haikumfaa. Solange alizaliwa botini, kama mama yake na bibi yake, na katika ukoo wao kila mtoto hulala juu ya maji usiku wake wa kwanza baada ya kutoka hospitali. Wiki hiyo binti yake Clémence alikuwa amejifungua mtoto wa kike. Clémence ameolewa nchi kavu, na mwokaji mikate wa Clamecy aitwaye Yannick, mtu mwema lakini asiyebembelezeka. Alikuwa amekubali kwa sharti moja: Alhamisi, akiwatoa hospitalini, atapita gatini pale mjini. Akiikuta boti, mtoto atalala botini. Asipoikuta, ataendesha gari moja kwa moja hadi nyumbani. Na siku hiyo ilikuwa Jumatano, malango yakiwa bado mengi.

"Si upande treni," alisema mumewe, Firmin, akimenya viazi kwenye sitaha bila kuinua kichwa.

"Treni itanifikisha mimi. Boti utaibeba wewe mgongoni?"

"Mtoto hana hata wiki, umeshamkosesha usingizi."

Solange alitembea mpaka mlango wa chini, akachungulia maji, akarudi, akaenda tena. Nilimwuliza kama anataka kahawa. Alisema ndiyo, kisha akaondoka kabla sijaimimina. Firmin aliniambia ndivyo alivyo tangu ujana. Walipojaribu kuhamia nyumba yenye bustani pale Tannay, alivumilia msimu mmoja tu wa baridi, akilalamika kwamba kila asubuhi dirishani kuna mti uleule.

Nilipogeuka, Solange alikuwa ameshapanda baiskeli na kushika njia ya ukingoni, kuelekea mahali ambapo Waholanzi wawili walikuwa wameegesha boti yao kivulini. Nilimfuata kwa pikipiki, nikihofia atawatisha wageni. Mzee Sjoerd alikuwa anachoma soseji. Mkewe, Tineke, alikuwa ametia miguu kwenye ndoo ya maji.

"Mnaondoka lini?" Solange aliuliza, bila hata salamu.

"Kesho, au keshokutwa," alisema Sjoerd. "Tumestaafu, mama. Hatuna pa kuwahi."

"Mimi ninapo."

Akawaeleza. Sjoerd aligeuza soseji moja, kisha nyingine.

"Mtoto mchanga atajuaje amelala wapi?"

"Hatajua. Mimi nitajua. Akianzia kwenye magunia ya unga, nitakuwa bibi wa kumtembelea kwa miadi."

Tineke akatoa miguu ndooni. "Sjoerd, zima moto."

"Soseji bado mbichi hizi."

"Utazimalizia langoni."

Tulishuka lango baada ya lango, mimi nikitangulia kwa pikipiki kufungua, boti mbili zikifuata. Solange hakuketi. Kila tulipofika alirukia ukingoni kunisaidia kusukuma, na kila mlango ulipofunguka alikuwa wa kwanza kutoka, huku Sjoerd akimkumbusha kwamba hapa hakuna kombe la kushindania. Jioni mfereji ulifungwa kama kawaida. Alisema alilala, lakini asubuhi nilimkuta ameshafagia majani yote kando ya lango.

Lango la mwisho liko juu kidogo ya mji. Tuliliingia ikikaribia saa sita, wakati ambapo walinzi wote wa mfereji huenda kula. Nilifungulia maji. Boti zikaanza kuzama taratibu kati ya kuta, mpaka kichwa cha Solange kikawa chini ya miguu yangu na haoni tena ila mawe.

"Unaona nini huko juu?"

"Gari jeupe la mikate, mama. Liko darajani, limesimama kwenye taa nyekundu."

"Na maji?"

"Hayajalingana na ya nje. Mlango hautafunguka bado."

Nilimsikia akitembea: mbele ya boti, nyuma, mbele tena. Firmin alimwambia kitu kwa sauti ya chini. Kule darajani taa ikageuka kijani, gari likashika njia ya gatini. Nikaegemeza mgongo kwenye boriti ya mlango na kuanza kusukuma, ingawa maji yalikuwa bado.