Vitabu vya Mkekani

Kabla hamjasikia kwa wengine, acheni nijiseme mwenyewe, na nimshukuru Mwalimu Zuhura, anayetunza maktaba ya shule ya mwanangu hapa Kilwa Masoko.

Juzi nilimpelekea Nasra daftari alilosahau nyumbani. Nyuma ya maktaba nikakuta vitabu vimemwagwa juani, juu ya mkeka, na hakuna mtu. Damu ikanichemka. Nasra kila siku analalamika kwamba wanasoma watano kitabu kimoja, kumbe wenzetu wanavitupa! Sikuuliza mtu. Nikajifunga khanga kiunoni, nikavibeba vyote ndani, nikavichomeka kwenye rafu kila palipokuwa na upenyo. Nilijiona shujaa.

Mwalimu alipotokea nikamvaa, hata shikamoo sikumpa. "Mwalimu, huna aibu? Vitabu vya watoto unavianika kama mihogo?"

"Vile vya mkekani viko wapi, Mama Nasra?"

"Nimevirudisha kwa wenzao! Vyote!"

Akachomoa kimoja, akakifungua. Katikati hakukuwa na kurasa; udongo na mchwa vikanidondokea miguuni. Kwa siku tatu alikuwa akivitenga vilivyoliwa, ili wadudu wasihamie kwenye vizima.

Nikangoja kufukuzwa. Mwalimu akavuta viti viwili.

"Kaa, mama. Mzazi mwenye uchungu na vitabu nimemtafuta siku nyingi. Haya, tuanze na rafu ya juu."