Gunzi Kwenye Kibuyu cha Muratina

Nakumbuka siku tuliyopanda kile kilima cha nyasi mashariki ya Thika, mwanangu, na nikiikumbuka, hasira hunipanda upya. Ilikuwa miaka ya Emergency, ile hali ya hatari ya wakoloni. Mkikuyu hakuvuka mpaka kwenda Ukambani bila pasi, na pasi yetu tuliingojea miezi. Kaka yangu Njoroge alikuwa anaenda kuposa. Baba Mkubwa alituongoza, na mimi, msichana mwenye mgongo imara, nilibeba kibuyu cha muratina, pombe ya asali. Wazee wasipoionja, maneno ya posa hayaanzi.

Kilima kilikuwa kimya, nyasi zikitufika magotini. Njia ya ng'ombe ilizunguka polepole. Bwana harusi wetu hakuitaka.

"Haiya, mnatembea kama vinyonga!" akaniambia. "Lete hicho kibuyu."

"Njoroge, pombe hiyo bado inachacha, inachemka," Baba Mkubwa akasema. "Fuata njia ya ng'ombe."

Sikio la kufa halisikii dawa. Akaninyang'anya kibuyu, akakata moja kwa moja juu. Mwinuko ukamwinamisha, muratina ikamdondokea shingoni, naye, sijui ujinga huo aliutoa wapi, akachomoa kishungi cha nyasi kilichowekwa mdomoni mwa kibuyu ili pombe ipumue, akasindilia gunzi la mahindi. Hata mtoto wa kwetu anajua muratina haizibwi hivyo!

Hewa ikakosa pa kutokea, kibuyu kikapasuka kileleni. Tulimkuta amelowa koti zima, nyuki wamemzunguka, na mbele yake amesimama Mbula, mchumba mwenyewe, aliyekuwa akikata nyasi za kuezekea.

Baba Mkubwa hakumgombeza. "Turudi," alisema. "Siendi kwa watu na vipande vya kibuyu."

Njoroge akaanza kulia, mwanaume mzima.

"Nitakungoja," Mbula akamwambia. "Lakini ukija tena, dada yako abebe, nawe utembee nyuma yake."

Alingoja mwaka mzima, maskini, hadi tukapata pasi nyingine, kwa sababu ya gunzi.

Sasa wewe nawe, mwanangu, wazee wakizungumzia posa yako unatazama saa! Unanichosha. Haraka haraka haina baraka. Jambo linalochemka liachie pumzi, na usimdharau anayetembea polepole, huenda mzigo alioubeba ni wako. Nenda, Mungu akufikishe kileleni na kibuyu chako kizima.