Nyumba Iliyokuwa Inawashwa

Hapana, macho yangu ni mazima, sijawahi kupasuliwa. Ndiyo maana walinikalisha mimi kwenye kiti cha hakimu. Si kwamba najua kompyuta. Mimi hata jina langu huwa naliandika kwa kidole gumba. Lakini nikikaa hapa barazani kwangu Nyanga, namwona mtu anapanda kilima kule, na namjua kwa mwendo wake kama kikapuni ana senene au ana uongo.

Mwenye shida alikuwa mjukuu wangu wa kike, mke mwenzangu kwa utani wetu wa bibi na wajukuu. Alisomea kuchora nyumba, akarudi Bukoba, akaishia kuchora mabango ya saluni. Sasa kule Muleba kuna shemeji yangu, kaka wa marehemu mume wangu. Watoto wake wako mbali, wakataka kumjengea nyumba mpya kwenye kibanja cha ukoo. Wakasema kazi apewe mtoto wetu, ila mzee aone kwanza, na akikataa basi. Mke mwenzangu hajawahi kupewa nyumba hata moja. Alikuwa anaitamani ile kazi kama mjamzito anavyotamani udongo.

Akaichora humo ndani ya kompyuta. Si picha ya kukaa, picha ya kutembea. Unatoka barabarani, unapita migombani, unafika mlangoni. Hata kuku yumo, anadonoa. Akampelekea mzee Muleba. Yule mzee akiongea ni kama anavuta ng'ombe asiyetaka kwenda. Akatazama, akatazama, akasema, "Waitu... nyumba hii... mbona... inawashwa?"

Na kweli ilikuwa inawashwa, kama mtu mwenye upele. Ukingo wa bati una meno kama msumeno, na ukitembea yale meno yanakimbia. Nguzo za baraza zinatetemeka kama zimeshikwa na malaria. Mzee akasema yeye halali kwenye nyumba yenye homa. Jumapili baada ya ibada aletewe nyingine iliyotulia, la sivyo atamwita fundi wa hapo hapo kijijini amchoree chini kwa fimbo.

Mtoto akaja kwangu analia. Nikamwambia, "Nyamaza, mke mwenzangu, machozi yataingia kwenye waya yakupige shoti."

Wakaja kumwokoa wanaume wawili, na hapo ndipo vita vilipoanza. Mmoja kaka yake, fundi simu, anaongea kama mvua ya mawe. Mwingine mume wake, mtoto wa mjini ambaye babu zake walitoka pwani, adabu zimemzidi hadi akipita mlangoni anauomba radhi. Kila mmoja alikuja na kompyuta yake. Ndani ya kila kompyuta kuna kitu wanakiita kadi ya picha, ndicho kinachochora. Ya kaka ina feni tatu, ya mume ina feni mbili. Zimetengenezwa na kampuni mbili zisizopendana, na hawa wawili walikuwa wanazishabikia kama timu za mpira. Wakaondoa vitambaa vyangu mezani, wakaziweka sebuleni kwangu, ubavu kwa ubavu.

Mke mwenzangu akanieleza. "Bibi, kioo hiki ni vijumba vidogo vidogo, kama mkeka. Mstari ukienda mshazari unapanda ngazi. Kazi ya kadi ni kuzificha hizo ngazi."

"Basi hata mikeka ninayosuka ina ugonjwa huo huo," nikasema, "na wateja hawajawahi kulalamika."

Hakuna aliyecheka. Walikuwa vitani.

Wakaanza na njia ya kwanza, kadi zote mbili zinaijua. Hapo kadi inachungulia kila kijumba mara nyingi nyingi, kisha inachanganya rangi pale ukingoni. Bati likatulia. Lakini majani ya migomba yakaendelea kuwashwa, maana njia hiyo inaangalia kingo za ukuta na bati, ile mipasuko ya jani haiioni. Halafu zile feni tatu zikaanza kunguruma kama mashine ya kukobolea kahawa, mpaka jirani akaja kuuliza tunakoboa nini. Feni mbili zilinyamaza, lakini picha yao ikawa inatembea kama mtu aliyevimba miguu.

"Bibi, samahani sana, tafadhali tazama bila haraka," mume anasema, mikono kifuani. "Utulivu nao ni uzuri."

"Utulivu gani, shemeji, hiyo imekwama! Bibi cheki hapa! Cheki bati! Umeona? Umeona?"

"Nimeona mate yako kwenye kioo," nikamwambia.

Njia ya pili ni ya wavivu. Kadi inamaliza kuchora, halafu inapangusa picha nzima kama mtu anayefuta meza kwa kitambaa chenye mafuta. Ngazi zimeondoka, na sura ya nyumba nayo imeondoka. Kuku akawa kama ubwabwa. Hapo kadi zote zilikuwa sawa, zote mbaya, na kila mmoja akasema ya mwenzake ni mbaya zaidi.

Njia ya tatu ndiyo iliyowatenganisha, kwa sababu kila kampuni ina yake na wanafichana. Hapa kadi inakumbuka picha iliyopita, inaitia kwenye picha ya sasa, na pengo inalijaza kwa kubahatisha. Kadi ya feni mbili ilituliza nguzo vizuri, zikapona kabisa. Lakini kuku akitembea anaacha kuku mwingine nyuma yake, mwembamba, anamfuata.

"Maawe! Kuku wenu ana mzimu," nikasema.

Mume akainama. "Ni kivuli kidogo tu, Bibi. Mzee hatakiona."

Feni tatu haikuwa na mzimu, na majani yalitulia kuliko ya mwenzake. Ila ilikuwa inabahatisha mno. Majani ya mgomba yaliyopasuliwa na upepo iliyashona yote yakawa mazima, kama migomba ya kwenye kalenda. Nikamwambia kaka, "Mume wangu, migomba hii imeota nchi gani?" Akasema, "Bibi, hiyo ndiyo akili yake, inarekebisha!" Nikasema mimi sijaomba kurekebishiwa migomba.

Hukumu yangu ikawa hivi: majani feni tatu, nguzo feni mbili. Wakanitazama wote kama nimewalaza paka na panya kitanda kimoja.

Kilichobaki kikawa msalaba. Pembeni ya hiyo nyumba, ndani ya migomba, kuna kaburi la baba mkwe wangu, baba yake mzee wa Muleba, ambaye wanawe walimwita Tata. Lina marumaru nyeupe na msalaba wa chuma mwembamba kama sindano ya kufumia. Mke mwenzangu alikuwa amelichora vizuri, akapima kila kitu. Lakini kwenye feni mbili msalaba unachezacheza kama mlevi. Kwenye feni tatu, ukiwa mbali mikono ya msalaba inapotea, ukikaribia inarudi, ukirudi nyuma inapotea tena.

"Muacheni," nikasema. "Hata alipokuwa hai hakuwahi kutulia. Leo yuko Kamachumu, kesho kwa mjane fulani."

Walijaribu mchana kutwa. Mwisho kaka akapiga meza. "Tatizo si kadi, tatizo ni msalaba! Tuutoe, na kaburi lake, basi!"

Na mume, ambaye tangu asubuhi hakukubaliana naye hata juu ya chai, akasema, "Kwa hilo, shemeji, nakuunga mkono."

Mke mwenzangu akashika kidevu. Jumapili ilikuwa kesho. "Ni picha tu," akasema. "Nyumba ikijengwa kaburi liko pale pale." Akabonyeza. Baba mkwe akaondoka migombani bila hata pambio. Picha ikatulia kama maji kwenye beseni. Wakachagua ya feni tatu, wakaitia kwenye flashi.

Jumapili tukaenda Muleba. Mzee akatuletea kahawa za kutafuna kwenye kikapu kidogo, tukachukua, tukatafuna. Flashi ikachomekwa kwenye televisheni yake. Tukatoka barabarani, tukapita migombani, bati limetulia, nguzo zimesimama. Mzee akatikisa kichwa taratibu. "Sasa... imepona," akasema. Mke mwenzangu akanibana mkono hadi pete ikaniuma.

"Rudisha... nyuma," mzee akasema. "Hapo... pembeni ya migomba."

Wakarudisha. Akatazama. Wakarudisha tena. Akaitema kahawa kiganjani.

"Tata yuko wapi?"

Kaka akaruka, "Babu, ule msalaba ulikuwa unasumbua, kadi zote mbili zimeushindwa, feni tatu inaukata, feni mbili inau..." Mume akamkatiza, mikono kifuani, "Samahani sana, Babu, kumrudisha ni kubonyeza tu."

Mzee akasimama, akaizima televisheni kwa mkono wake. Safari hii hakuvuta neno hata moja.

"Mmemtoa baba yangu. Tokeni na nyinyi."