Zamu ya Maji ya Gédéon

Mimi Agathe nimelima mpunga hapa Luberizi tangu usichana wangu, na sijaona mwanamke mwenye hasira kama Generose. Watu wanasema ni mpole. Wapi! Ana moto ndani, ila anajua unakoanzia. Kwanza masikio yake yanapata joto, halafu sauti yake inageuka kuwa ya marehemu baba yake, mzee aliyewafokea watoto mpaka wakatawanyika. Ndiyo maana yeye na mume wake Gaspard waliweka sheria nyumbani: mwenye hasira hasemi akiwa amesimama. Avute kiti kwanza. Tuliwacheka sana kwa hilo.

Sisi wenyewe tulimchagua Generose awe prezida, mkubwa wa mfereji, alinde zamu za maji. Mwaka huu maji yalipungua wakati mpunga una mimba, na mpunga ukikosa maji wakati huo unatoa makapi matupu.

Jumapili moja tulikuwa tunatoka kanisani, Franck, mkulima mwenzetu, akaja mbio. Ilikuwa zamu yake, na shamba lake lilikuwa kavu. Tukafuata mfereji hadi juu, tukakuta maji yote yanaingia kwa Gédéon, mdogo wake Generose wa tumbo moja. Walikuwa hawatembeleani tangu zamu zilipogawanywa. Gédéon alisimama mbele ya mlango wake wa maji, panga mkononi. Franck akainua jembe.

"Gédéon!" Generose akafoka.

Ilikuwa sauti ya mzee, tuliitambua wote. Naye aliisikia. Akafunga mdomo, akapita katikati ya wale wanaume wawili, akakaa chini kwenye tope akiwa amevaa kikwembe, kitenge chake kipya cha kanisani. Jembe lilikuwa juu ya kichwa chake.

"Kaa chini, Franck."

"Minye siko mutoto wako, Mama Prezida! Mupunga yangu inakufa!"

Hakukaa, wala hakushusha jembe. Generose akamgeukia mdogo wake.

"Gédéon, ni nini ilikusukuma?"

"Weye unaniuliza? Bote balichota karatasi ya zamu mu kofia. Minye ulinikatalia, yaya, weye dada yangu mukubwa. Ukaniweka wa mwisho, juu batu basiseme unapendelea ndugu yako."

Nilimwomba Mungu amfanye Generose akane. Angekubali, Franck angesema hafai, na mfereji bila mkubwa ungekuwa wa mwenye panga refu.

"Ni kweli," Generose akasema. "Niliogopea jina yangu, nikakuonea. Hiyo kosa ni yangu. Lakini kuiba maji ya Franck, hiyo ni yako. Mulango yako tutaiziba, vile sheria inasema. Na yangu pia."

"Yako?" Franck akauliza.

"Zamu yangu utachukua weye. Kisha tutachota upya, na Gédéon ataingiza mukono mu kofia sawa batu bote."

Nilichukia kusikia hivyo. Mpunga wake Generose ndio uliokuwa ukilisha nyumba yake, na zamu moja ikipotea wakati ule ni hasara kubwa. Nikalia pale pale, bila aibu.

Gédéon aliangusha panga. Akakaa kwenye tope kando ya dada yake.

"Ulianza kusema sawa papa yetu," akamwambia.

"Nilisikia."

Gédéon akainamia udongo, akaanza kuziba mlango wake mwenyewe kwa mikono. Franck alimtazama, kisha akashusha jembe na kumsogezea udongo.

Tulirudi wote mchana hadi kwa Generose. Gaspard alikuwa mlangoni. Aliona kikwembe kimejaa tope, akamwona shemeji yake akija nyuma. Aliingia ndani akatoka na viti viwili.