Upanga wa Radi na Chipsi Zangu

Mimi ni kinyozi hapa Tunduma. Filamu za vita vya angani nazijua kwa sauti ya mtafsiri mmoja tu, yule anayeongea Kiswahili juu ya picha. Akinguruma, mwili mzima unanisisimka.

Juzi dereva mmoja Mzambia, akisubiri zamu yake, akatuharibia mjadala wetu kuhusu silaha ya shujaa wa filamu moja. "Mnabishania Upanga wa Radi? Mimi nimeitazama kwa Kiingereza. Ile ni tochi."

Nikazima mashine. "Tochi? Upanga ule unapasua sayari kama parachichi!" Saluni nzima wakanitazama kama nabii. Utamu ukanizidi. "Mtafsiri mwenyewe mshikaji wangu. Nilikula naye chipsi Vwawa, akanipa siri zake zote."

Mteja niliyemfunika uso kwa taulo la moto akacheka. Kisha chini ya taulo ikatoka sauti ile ile inayotikisa spika. Nywele zikanisimama.

"Mzambia yuko sahihi, ni tochi. Siku ile nilikosa neno, nikasema upanga."

Akafunua taulo taratibu, akanitazama kwenye kioo.

"Ila kaka, hizo chipsi tulikula lini?"